Mwaka Tulitafuta Biolojia ya Divine

Ku matanga ya Shangazi Feza watu walicheka sana, na mutu asiniambie ilikuwa vibaya. Wamama wa bariyeri ndogo ya mupaka, wale wenye kuvusha nyanya na vitunguu mupaka Goma, walijaa mu uwanja ya kipangu yetu pale Mbugangari, kila mutu na kikombe yake ya chai, na kila mutu na hadithi ya namna Shangazi alimushinda bei. Mumoja alisema Shangazi alishauzia mutu kuku yake mwenyewe, na ile mutu akashukuru. Mwingine akasema, "Ile mwanamuke, akifika mbinguni ataanza kuwauliza kama hii mbingu ni ya jana ao ya leo." Divine, mudogo wangu, alikuwa anapanga viti ku mulango, akacheka mupaka akashika ukuta. Kisha mama mumoja mwenye hakutujua muzuri akauliza, "Na ile ya masomo ya mutoto? Nilisikia alitaka kubishana bei na serikali." Watu wakaanza kuangalia chai yao kama kuna kitu imeangukia mule. Ile hadithi haikusemwaka mbele ya Shangazi, na hata akiwa mu sanduku bado watu walikuwa wanamuogopa. Mi njo nilisema, "Mama, ile ni ndefu, utatumalizia termosi." Wakacheka, ikapita. Lakini Divine aliniangalia, na tangu siku ile, kila asubuhi nikiwasha makaa, ile mwaka inakuja kukaa karibu yangu kama mugeni mwenye hajakula.

Namna mi na Divine tulifika kwa Shangazi, tuiruke. Ni mambo ya wazazi, na wazazi hawako hapa kujitetea. Tuanze na nyumba. Ilikuwa na vyumba mbili: moja ya Shangazi na nyanya, moja ya sisi na vitunguu. Nyanya ililala pazuri kuliko sisi, juu nyanya ikigongwa inaharibika, na sisi, Shangazi alisema, tukigongwa tunakuwa na akili. Mi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliachaga ku musingi, mwalimu alisema mudomo yangu inamaliza masaa ya wengine, na sikubisha sana. Divine alikuwa na kumi na sita, anamaliza mwaka ya tatu ya sekondari, na huyo njo alikuwa mutu wa vitabu. Lakini si vitabu tu. Shangazi akileta sambaza ya jioni, ile samaki ndogo ya ziwa, sisi tunakula kichwa na mukia, hatuulizi, Divine anaweka moja pembeni ya sahani, anaifungua na ukucha, anasema, "Zawadi, angalia, hii kidogo njo moyo yake." Mi namuambia, "Kula huyo mugonjwa wako, ugali inapoa." Shangazi alikuwa anagomba juu ya samaki inaharibika, lakini nilimuona mara mingi, akiosha vyombo, ile sambaza yenye kufunguliwa anaikula yeye mwenyewe, pole pole, kama mutu anaheshimu kazi.

Bon. Mwisho ya mwaka ya tatu, watoto wanachagua masomo yenye watasoma miaka tatu ya juu. Unapanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha baada ya mutihani serikali inakupatia nafasi na shule. Divine alikuja nyumbani na furaha, tukiwa tunakula sombe, akasema kesho asubuhi mwalimu anataka majibu. Shangazi akauliza, "Unataka nini?" Divine akasema, "Biolojia na kemia." Alisema haraka, hakufikiri hata kidogo, kama mutu unamuuliza jina yake.

"Muzuri," Shangazi akasema. "Basi usiiweke mbele."

"Shangazi, mwalimu alisema ya kwanza ni ile unapenda."

"Mwalimu anauzaka nini?"

"Hauzi kitu."

"Njo ile! Hajui soko."

Na hapa mutu mwenye hajafanya kazi ku bariyeri atasema Shangazi alikuwa mupumbavu, donc wacha nieleze. Pale kwetu, mutu haonyeshi kitu anataka. Ukitaka vitunguu, unauliza bei ya karoti. Unashika karoti, unaigeuza, unaisema vibaya, unaanza kwenda. Mwenye kuuza anaona unakimbia, anasema, "Mama, rudi, basi chukua hii vitunguu, nitakupunguzia." Unajifanya kukataa kidogo, unachukua. Ukionyesha kidole vitunguu mara ya kwanza, umekwisha, utalipa mupaka nguo. Hivi njo Shangazi alitupatia viatu, shuka, hata redio. Na alikuwa anatupenda, donc kwa kitu kubwa kama masomo alitaka kutumia akili yake yote, siyo nusu.

"Weka mbele kitu yenye hakuna mutu anataka," akasema. "Watasoma, watasema, yooo, huyu mutoto ako na alama nzuri hivi na anaomba kitu kidogo hivi? Hapana, tumupatie hii ya pili. Kuna nini yenye musichana hawezi kupewa?"

Divine akafikiri. "Kuna ujenzi. Kujenga nyumba."

"Simenti? Musichana? Watakataa wenyewe! Weka hiyo."

Mi nikasema, "Weka na ya kupigana ngumi," na wote wawili wakacheka, na Divine akalala na ile kicheko. Asubuhi akaenda kuandikisha: ya kwanza ujenzi, ya pili biolojia na kemia. Sasa nikiwaza, naona hakuwa mujinga pia. Alikuwa amevaa ile viatu yenye Shangazi alipata hivyo. Maisha yake yote aliona ile njia inafanya kazi.

Alama ikatoka, muzuri kabisa, Shangazi akacheza mu njia mupaka kitenge ikafunguka. Kisha siku za nafasi zikafika. Divine alituma namba yake ya mutihani na telefone yangu, tukiwa tumekaa juu ya gunia, akasoma, akanipatia telefone, akaingia mu chumba. Nikasoma na mi. Serikali ilimupatia kitu aliomba. Ya kwanza. Ujenzi, shule ya ufundi yenye kulala kule, mbali na hapa. Nilienda kwa mulango ya chumba, nikataka kusema kitu ya kuchekesha, ndiyo kazi yangu mu ile nyumba, na mara ya kwanza mu maisha nikaiacha, nikakaa chini pale ku mulango. Divine alikuwa amelala akiangalia ukuta. Na ile chumba ilikuwa na shida yake: mwenye kulala na vitunguu, macho yake inakuwaka nyekundu kila siku, haujui gani ni ya kulia.

Shangazi aliporudi tukamuambia. Alikaa chini, akavua kilemba, akaifunga tena. "Bon," akasema. "Hiyo ni bei yao ya kwanza. Sasa njo soko inaanza."

Kesho yake tulienda kwa ofisi ya elimu, Shangazi na kabichi mbili ndani ya kitambaa. Kijana wa ile ofisi alikuwa mupole sana, aliikataa ile kabichi na mikono mbili, kama mutu anarudisha mutoto wa wenyewe. Akaangalia mu mashine yake.

"Mama, ni mutoto mwenyewe alichagua."

"Alichagua, ndiyo. Lakini hakutaka."

"Sasa kwa nini alichagua?"

"Ili mumukatalie!"

Kijana akaniangalia mi. Mi nikaangalia kabichi. Akaanza kueleza pole pole kwamba mashine haikataaki, mashine inapanga tu, na nafasi ya biolojia ilishajaa. Shangazi akajaribu yote. Akasimama kama anakwenda. Hakuna mutu alimuita. Akafika mupaka inje, akasimama pale ku jua akingoja waseme "Mama, rudi." Nilimuona mugongo yake. Kisha akarudi yeye mwenyewe, na ile, kwa wenye kumujua, ilikuwa kitu ya kuogopesha. Kijana akamuhurumia, akasema kuna njia moja tu: wakati mwingine watoto wawili wanabadilishana, kama wazazi wa pande mbili na shule mbili wanakubali, na shule haijaanza.

Kubadilishana! Ungemuonyesha Shangazi pesa mu njia hangefurahi hivi. Siku hiyo hiyo bariyeri ndogo nzima ilijua. "Nani ako na mutoto wa biolojia? Natoa ujenzi, mupya, haijaguswa!" Wamama wakaacha mizigo yao kusaidia. "Mi niko na wa hesabu, Mama Feza, unataka?" "Hapana." "Mi niko na wa historia, anakula kidogo." "Hapana!" "Mi niko na bwana, umuchukue bure, usinirudishie kitu." Tulicheka, lakini Shangazi alikuwa anatafuta kweli. Alienda mupaka soko ya Mahoko, akauliza meza kwa meza, na ni kule mama wa maharage alimuambia kuna mujane mu Cyanzarwe, mulimaji wa viazi, anaitwa Mama Eric. Mutoto wake alipata biolojia, na ile mutoto akiona kuku inachinjwa anaanguka.

Tulienda watatu, Shangazi, Divine na mi, na sukari na sabuni. Divine alivaa sketi yake ya shule. Hatukumuambia aivae. Nyumba ya Mama Eric ilikuwa ndogo, safi, udongo mupya ku ukuta, na mbele kulikuwa nyumba ya kuku ya mawe nyeusi, imepangwa muzuri hivi, jiwe na jiwe, hakuna hata nafasi ya kisu kupita. Shangazi akauliza fundi ni nani. Eric akasema, "Ni mi," na akaona haya. Kijana murefu, mikono ya mutu mukubwa. Mama yake akatupikia viazi, tukakula na chumvi na pilipili, tukiongea mvua. Eric na Divine wakatoka inje, na mi nikajifanya naangalia kuku ili nisikie.

"We kweli unataka simenti?" Divine akauliza.

"Tangu mudogo. We kweli unataka damu?"

"Damu ni kitu kidogo. Mi nataka kujua ndani inafanyaka kazi namna gani."

"Basi chukua," Eric akasema. "Chukua yote, na vyura." Wakacheka. Nilirudi mu nyumba nikamukonyeza Shangazi: imekwisha, watoto wamemaliza.

Shangazi akaanza. Akasifu viazi. Akasifu nyumba. Akasema biolojia siku hizi inachokesha watoto, wanavaa miwani wakiwa bado wadogo, lakini kama Mama Eric imemulemea, yeye anaweza kumusaidia kuibeba. Mama Eric alisikiliza, mikono mu magoti. Kisha akasema, "Hapana, dada yangu."

"Sijasema bado yenye nitaongeza."

"Usiongeze."

"Kila mutu ako na kitu anataka, Mama Eric. Sema tu."

"Nataka Eric akuwe munganga wa hospitali."

"Lakini yeye..."

"Najua. Ananiambia kila siku." Alisema pole pole, hakukasirika. "Mbele Eric azaliwe, nilikuwa na mutoto mwingine. Musichana. Alishikwa na homa, nikamubeba mu mugongo, nikashuka naye huku chini kutafuta dawa. Nilikuwa namuongelesha njia yote. Nilipofika wakamuondoa mu mugongo, wakaniambia nilikuwa naongea peke yangu tangu mbali." Akachukua sahani yetu, akaongeza viazi yenye hatukuomba. "Mi nilisema kama kuna mwenye atakuja, huyo atakuwa munganga, hakuna kubadilisha."

Eric alikuwa amesimama ku mulango. Divine nyuma yake. Nilimuona Shangazi anafungua mudomo, na nilijua mule mudomo kuna maneno mingi, alikuwaka na neno kwa kila mutu. Lakini Divine akaingia, akamushika mukono, akasema, "Shangazi, twende." Kisha akapiga magoti kidogo, akamushukuru Mama Eric na mikono mbili, kama mutu alipewa kitu. Eric alitupeleka mupaka ku njia na kifuko ya viazi. Alipofika mahali ya kuachana akamuambia Divine, "Nisamehe." Divine akamujibu, "Uangalie usianguke ku mawe ukifungua chura." Hapo Eric akacheka na akageuka haraka.

Njia yote Shangazi alitembea mbele. Mi nilikuwa nyuma na viazi. Tulipofika karibu na lami Divine akasema, kwa sauti ya kawaida, "Sitaenda kwa ujenzi. Nitauza nyanya na Zawadi."

Na alifanya vile. Shule ilianza, wenzake wakapita mbele yetu na magodoro ku kichwa, na Divine alikuwa ku bariyeri na beseni. Alikuwa muuzaji mubaya kuliko wote nimeona. Mutu anauliza bei, yeye anasema bei ya kweli, mara ya kwanza. Wateja wanaangalia zile nyanya, wanamuangalia, wanakimbia. Wanafikiri ni mugonjwa ao nyanya ni ya wizi. Mi nilimufundisha, nikamuonyesha, "Sha, anza juu, we! Juu! Kama unapanda mulima!" Anasema ndiyo, kisha anasema bei ya kweli. Shangazi alikuwa amekaa hatua kidogo kutoka kwetu, na hakumugombea hata siku moja. Mutu mwenye alinifukuza na kijiko ya mbao juu nilipunguza bei mara mbili! Alikuwa anamuangalia tu. Jioni tunakula, Divine anakula sambaza nzima, kichwa na mukia, kama sisi. Hakufungua hata moja. Nafikiri ni hiyo njo ilimumaliza Shangazi, kuliko nyanya.

Asubuhi moja, beseni ya Divine haikuwa mahali yake. Shangazi aliificha, na mahali yake aliweka godoro imefungwa na kamba. "Nilienda kwa ile shule ya ujenzi," akasema. "Jana. Mukubwa ya kule anasema bado wanakungoja, lakini siku si mingi." Divine akasema, "Na nikikataa?" Shangazi akasema, "Utakataa. Mi nitalalia hii godoro." Hakusema na ile sauti yake ya soko. Divine alikaa ku godoro, akaikandamiza na mikono, muda murefu. Mi nilikuwa nakata vitunguu, na nilikata mingi kuliko yenye tulihitaji. Mwisho Divine akasema, "Basi. Nitajua hata ndani ya ukuta iko namna gani." Aliicheka yeye mwenyewe, lakini kidogo, na mi nilijua ile kicheko si ya kunifurahisha. Ni mutu anafunga mulango yake polepole ili wa ndani wasishituke.

Tulienda kununua mwiko wake wa kupaka simenti. Muuzaji akataja bei ya juu, ya kutuchokoza, alimujua Shangazi, alishavuta na kiti akae wabishane muzuri. Shangazi akatoa pesa, akamupatia. Ile mwanaume aliishika mu mukono, akamuangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni mugonjwa?"

Divine alimaliza ile shule. Leo anasimamia wajenzi Musanze, wanaume wenye ndevu wanamuita bosi, na ukimuuliza kama anapenda kazi anasema, "Inanilisha," kisha anauliza kama umekula. Sitasema uongo kwamba mwisho aliipenda kuliko biolojia, watu wanapendaka kumaliza hadithi hivyo, lakini mi nalala naye akikuja, na najua mu simu yake anaangaliaka nini: video ya mutu anapasua moyo ya ng'ombe, pole pole, anaonyesha mulango kwa mulango.

Mwaka huu Shangazi alipolazwa, Divine alikuja siku hiyo hiyo na viatu ya kazi. Muuguzi alikuja kupima, mutoto wa juzi juzi, na Divine akaanza maswali: hii maji ya miguu inatoka ku moyo ao ku figo, na hii dawa inasukuma wapi, na kwa nini asubuhi inapunguka. Muuguzi akajibu, akajibu, mwisho akacheka. "Dada, we ulisoma udaktari wapi?"

"Sikusoma. Mi ni wa ujenzi."

Shangazi alikuwa amefunga macho, tulifikiri analala. Akasema, "Alikuwa atasoma. Ni mi nilimukosesha." Miaka yote ile alikuwa hajasema. "Alinionyesha kitu anataka, wazi, na mi nikamufundisha kuificha."

Muuguzi akajifanya anatafuta kalamu. Divine akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa yake, akamupangusa jasho ya shingo na kitenge.

"Shangazi, we haukujua tu ile mwalimu wetu wa biolojia. Mukali! Mbaya! Fimbo kila siku. Kama ningeenda kule, ningekutana na wengine kama yeye, ningekimbia shule mu wiki ya kwanza. Ulinisaidia."

Shangazi akafungua jicho moja. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Sikukuambiaka tu."

Akafikiri. Uso yake ikaanza kufunguka, ile uso ya zamani, ya mutu anatoka Goma na beseni tupu. "Nilijua," akasema. "Nilimuangalia siku moja nikajua." Na akalala, na alilala muzuri.

Ile mwalimu wa biolojia mi nilimujua. Alikuwa mwanamuke mufupi, sauti ya chini, ananunuaka nyanya kwangu na hakuwahi kubisha bei. Siku Divine alipanda gari kwenda kwa ujenzi, alikuja mupaka kituo, akasimama mbali nyuma ya wauza parachichi, na aliondoka kabla gari iwake, juu hakutaka tumuone akilia.